Redio ndogo ya flashi ya elfu 28: mwaka na miezi miwili mikononi mwa mtoto

Habarini wadau. Msitafute jina la kampuni kwasababu hapa hakuna kampuni kubwa, ni zile redio ndogo za mchina zinazojaa mezani Kariakoo ukiwa upande wa Aggrey, saizi ya kipande cha sabuni ya mche, spika moja mbele, kioo kidogo kinachoonyesha namba nyekundu, batani za namba kama za simu ya kitochi, tundu la flashi, tundu la memori kadi, antena ya kuvuta na katochi pembeni. Kwenye boksi majina yanabadilika kila mzigo ukiingia ila ndani ni vilevile. Jamaa alianzia elfu 35 nikashusha mpaka elfu 28, flashi ya GB 8 nikaongeza elfu 9. Sasa nimekaa nayo mwaka mmoja na miezi miwili, imeanguka mara nyingi sana, imemwagiwa uji, na bado inapiga. Naandika hapa kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto mdogo anayejiuliza amnunulie nini cha kusikilizia muziki, maana mimi nilizunguka sana kabla ya kufika hapa.

Binti yangu ana miaka mitatu na nusu, ana jina la mama yangu mzazi kwahiyo mimi namuita mama, na mke wangu akitaka kumbembeleza anamuita mkwe. Mwanzo tulikua tunampigia nyimbo kwenye simu, YouTube, kama watu wote. Kilichonishtua ni siku moja nimeweka simu kifudifudi mezani wimbo unaendelea kupiga vizuri tu, mtoto akaanza kulia kabisa, wimbo ni uleule, sauti ni ileile, yeye analia. Ndio nikaelewa kwamba mda wote ule alikua hasikilizi, alikua anaangalia zile katuni zinavyorukaruka. Mimi nilitaka mtoto wa kusikiliza muziki na mimi, nikajikuta namlea mtoto wa kutazama simu. Shirika la Afya Duniani (WHO) walishasema toka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi, sasa ile saa moja kwetu ilikua inaisha kabla hata ya chai ya saa nne. Alafu kuna hili la wimbo kuisha na YouTube kujichagulia wa kufuata, unatoka kwenye wimbo wa watoto dakika kumi baadae unasikia maneno ambayo hata mtu mzima unaangalia pembeni.

Nilijaribu kwanza zile midoli zinazoimba. Hapana. Nyimbo sita, sauti ya bati, hauwezi kubadilisha, betri zake zile za duara ndogo kama sarafu ni hatari kubwa mtoto akizimeza, nilitoa ndani ya wiki.

Sasa redio hii uzuri wake ni hizo batani za namba. Ukichomeka flashi kila wimbo unapewa namba, mtoto akibonyeza 4 unapiga wimbo wa nne, basi, hakuna picha, hakuna tangazo, hakuna kingine cha kuchagua. Binti yangu alikua hajui kuhesabu ila aliijua 7 kwa sura kabla ya kujua inaitwaje, kwasababu 7 ndio bibi (nitafika huko). Kuna shida moja ya kitoto kabisa, batani inasubiri kama sekunde mbili kuona kama utaongeza namba nyingine, kwahiyo mtoto asiye na subira akibonyeza 7 mara mbili redio inaelewa 77 na wimbo wa 77 haupo, inabaki inapepesa namba tu, analeta kwangu anasema imeharibika. Ilichukua kama wiki mbili akazoea kubonyeza mara moja na kusubiri, anaweka mkono nyuma kabisa ili asiguse tena.

Kosa langu la kwanza lilikua kujaza. Yule kijana wa kuingiza nyimbo pale nje ya duka kwa elfu mbili alinijazia nyimbo mia tatu na kitu, "mchanganyiko wa watoto na zilipendwa", nikaona nimepata. Mtoto akawa anabonyeza bonyeza hakuna wimbo anaoujua, akaiacha siku ya tatu. Nikafuta zote. Nikaweka ishirini tu, na ishirini zenyewe niliziongeza polepole, tulianza na tano. Watoto wadogo wanataka kitu kilekile tena na tena na tena, wewe mzazi unachoka mara ya nne yeye mara ya kumi na tano ndio anaanza kusikia kwamba kumbe nyuma ya mwimbaji kuna ngoma inajibu. Kwahiyo usihangaike na flashi kubwa, wimbo wa dakika nne kwa kiwango cha kawaida cha MP3 ni kama MB 4 hivi, GB 8 inaingiza nyimbo karibu elfu mbili ambazo hautazihitaji kamwe. Namba 1 mpaka 9 ndio zinamtosha mtoto, kuanzia 10 kuendelea ni zangu na mama yake.

Jambo ambalo hakuna muuzaji atakwambia: izi redio hazipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa namba uliyoandika kwenye jina la faili, zinafuata mpangilio ulioingiza. Nilihangaika usiku mzima nabadilisha majina, 01, 02, 03, nachomeka, bibi anatokea namba 12. Dawa yake ni kufomati flashi upya (FAT32, sio nyingine, ukiweka mfumo mwingine yangu haisomi), alafu unakopi wimbo mmojammoja kwa mpangilio unaoutaka, wa kwanza uingie umalizike ndio uweke wa pili. Ukiburuza zote kwa pamoja zinachanganyika. Na ukifuta mmoja katikati kuongeza mwingine, mpya anaweza kukaa pale pale palipokua wazi au mwisho, kwahiyo mimi nikibadilisha chochote nafomati naanza upya, dakika kumi imeisha. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana maana mtoto akishajua 3 ni ya kuoga alafu leo 3 ikatoka wimbo mwingine ni kilio.

Haya, namba 7.

Mama yangu yuko Dodoma, kijijini upande wa Chamwino, sisi ni Wagogo na mama ni muimbaji kwa maana ya kwamba amekua kwenye ngoma, kwetu ngoma ya muheme wanapiga wanawake, ngoma unaibana kati ya miguu na unapiga huku unaimba, na kuimba kwetu sio sauti moja, mmoja anaanza wengine wanaingia juu na chini yake kila mtu na njia yake. Mimi nimekulia ndani ya hilo lakini nimeishi Dar miaka kumi na saba na nyumbani tunaongea Kiswahili tupu, mke wangu ni mtu wa Tanga, kwahiyo mtoto wangu Kigogo alikua hajui hata neno. Tulivyoenda mwaka jana na treni ya umeme (toka ianze kufika Dodoma 2024 imekua rahisi sana kwenda na mtoto, kama saa nne hivi umefika, zamani kwa basi ilikua siku nzima na kutapika juu) nikawa na wazo la kumrekodi bibi. Nikamwambia mama naomba uniimbie zile ulizokua unatuimbia tukilala. Akakataa kwanza, akasema mwanangu sauti imeisha, wewe unataka kunirekodi nikiwa mzee. Siku ya tatu, jioni, anachambua mchicha uani, mjukuu amemlalia mapajani, akaanza mwenyewe bila kuambiwa. Nikatoa simu nikaiweka chini ya kigoda taratibu.

Nilipata dakika sita na nusu. Kuna kuku ndani yake, kuna jirani anapita anasalimia mbukwa na mama anaitikia katikati ya wimbo alafu anaendelea palepale alipoishia bila kupoteza. Nilitaka kukata ile salamu, bahati nzuri sikukata. Nilivyoweka kwenye flashi namba 7, mtoto kitu cha kwanza alichoshika sio wimbo, ni salamu! Akawa kila ikifika pale anaijibu redio kwa sauti, mbukwa, na sasa hivi akipigiwa simu na bibi yake anaanza na hiyo. Mama siku ya kwanza kusikia mjukuu anamsalimia Kigogo kwenye simu alinyamaza kidogo, akaniuliza nani kamfundisha, nikamwambia ni wewe.

Kuhusu ubora wa sauti ya rekodi kama hiyo kwenye spika ya elfu 28: inatosha. Sauti ya mtu peke yake ndio kitu redio hii inakiweza kuliko vyote, inakuja mbele, safi, maneno yanasikika. Simu nyingi zinarekodi kwenye mfumo wa M4A au ule wa voisi za WhatsApp ambao redio haisomi, lazima ubadilishe iwe MP3, kuna programu kibao za bure kwenye simu za kufanya hivyo. Wakati wa kurekodi usiishike simu mkononi, vidole vinakwaruza na inasikika, iweke juu ya kitambaa karibu na anayeimba.

Nikaongeza na wimbo wa mke wangu namba 1, ule wa kulalia, aliuimba chumbani usiku feni imezimwa. Yeye anafanya kazi kwa zamu, wiki za usiku mtoto analala na mimi, na namba 1 imetuvusha usiku mwingi sana. Redio haimbebi mtoto mgongoni kama mama yake, lakini akisikia ile sauti mwili unalegea.

Sasa muziki wangu. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi, marehemu baba alikua na kanda za bendi za Msondo na Sikinde zimejaa droo nzima na Jumapili ilikua ni hizo mpaka jua linazama. Nilitaka mtoto azijue, na nilikua na wasiwasi kwamba muziki wa bendi zilizoanza 1964 na 1978 mtoto wa leo atauona mzito. Hakuuona mzito hata kidogo. Nyimbo nyingi za enzi zile zilirekodiwa kwenye studio za Redio Tanzania bendi nzima imesimama inapiga kwa pamoja, na kwa mtoto hiyo ni faida kubwa kwasababu kila chombo kina nafasi yake na unaweza kumuonyesha. Tulianza na tarumbeta kwasababu ndio zinajitokeza, zikiingia namwambia hizo hapo, anapuliza ngumi. Alafu mdomo wa bata, yani saksafoni. Alafu gitaa la solo, lile linalolia juu, akawa anapeleka vidole hewani. Gitaa la rithimu lilimchukua mda kulisikia kwasababu limekaa chini linazunguka tu, siku aliyolipata alikua ana miaka mitatu na mwezi mmoja, tulikua tunakunja nguo, akasema baba huyu anarudia rudia. Nikaacha nguo zangu nikamkumbatia.

Na kuna kile kitu cha dansi letu, wimbo unaanza taratibu, hadithi inasimuliwa mwanzo mpaka mwisho, alafu unafika pale unapochemka na hapo ndio watu wanainuka. Mtoto ameijua ile sehemu. Anakaa chini mwanzo wote, dakika tatu nne mtoto wa miaka mitatu amekaa anasubiri, ngoma ikigeuka anasimama. Hakuna katuni ingeweza kumfundisha kusubiri namna ile.

Tatizo ni besi. Spika ni moja na ndogo, gitaa la besi karibu halipo, unasikia kama kuna mtu anagonga chumba cha pili. Nilitaka mtoto asikie besi kwasababu ndio inayombeba mchezaji, nikahangaika kuiweka sehemu tofauti tofauti. Ukiiweka juu ya godoro au kochi inakufa kabisa. Ukiiweka juu ya kabati la mbao, kwenye kona ya ukuta, mgongo ukiangalia kona, besi inaongezeka unaisikia kabisa, mbao inatetemeka na kuta zinarudisha sauti. Sasa tuna sehemu yake, juu ya kabati la vyombo pale kona, na mtoto akitaka kuisikia besi anaweka kiganja kwenye mlango wa kabati. Hiyo ameigundua mwenyewe.

Sauti kubwa. Hapa ndio naishusha nyota moja nzima na nisingependa mtu aruke hii sehemu. Redio hii ikizimwa na kuwashwa haikumbuki sauti uliyoiacha, inaanza juu kila mara, na mtoto anaiwasha akiwa ameishika karibu na uso. Nilipima kwa programu ya simu, sio kipimo cha maabara najua, ila kwa umbali wa futi moja ilikua inagusa desibeli 90. WHO kwa kusikiliza muziki wanasema mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, mtu mzima 80, na ukipanda juu ya hapo mda salama unapungua haraka sana. Masikio ya mtoto hayarudi yakishaumia. Nilichofanya ni vitu viwili. Cha kwanza nilibandika plasta ile ya kitambaa juu ya matundu ya spika, tabaka mbili, inapunguza na pia inaondoa ule ukali wa juu. Cha pili, na hiki ndio kimesaidia zaidi, nilishusha sauti kwenye mafaili yenyewe kwa komputa, kuna programu ya bure inaitwa MP3Gain, unachagua nyimbo zote unaziweka kiwango kimoja cha chini, kwahiyo hata batani ikipandishwa mpaka mwisho wimbo wenyewe hauna nguvu ya kupiga kelele. Inasaidia pia nyimbo zote zikae sawa, maana rekodi ya bibi iko chini na nyimbo za siku hizi ziko juu sana, ukitoka 7 kwenda 8 mtoto alikua anashtuka. Tundu la hedifoni lipo, sisi hatulitumii. Kwenye treni tuliizima kabisa kwasababu sio heshima kwa abiria wengine, tukaimba wenyewe kwa sauti ya chini.

Betri. Ni ile BL-5C ya simu za Nokia za zamani, na hiyo ni habari nzuri kwasababu inapatikana mpaka kwenye duka la vocha mtaani. Ile iliyokuja nayo ilikua inakaa saa tano kwa sauti ya kati, baada ya miezi minne ikawa saa tatu, mwezi wa nane nikaona mfuniko wa nyuma umenyanyuka, kufungua betri imevimba kama andazi. Nilitoa saa ileile. Ikivimba usiibonyeze wala usiichaji tena, ondoa. Mpya nilinunua elfu 5 na inaenda vizuri. Kuchaji inatumia kebo ile ndogo ya zamani, sio Type-C, kwahiyo kebo yake itunze.

Ila mfuniko wa betri hauna skrubu. Yani ni wa kusukuma kwa kidole gumba, mtoto wa miaka miwili anaweza. Wangu aliufungua wiki ya kwanza nikamkuta ameshika betri anaigonga chini. Toka siku hiyo umefungwa na selotepu ya fundi umeme ile nyeusi, mizunguko mitatu, na nakuambia wewe unayesoma fanya hivyo kabla hata haujamkabidhi mtoto. Na memori kadi usitumie, tumia flashi, kale kakadi ni kadogo kanaingia mdomoni na haukaoni tena. Flashi yenyewe chagua ile fupi kwasababu ndefu inatokeza, redio ikiangukia upande huo tundu linalegea, yangu imelegea kidogo sasa na saa nyingine wimbo unakatika mpaka uisukume.

FM ipo na inashika stesheni za Dar vizuri hata antena ikiwa chini, antena yenyewe ilivunjika mwezi wa pili. Tochi ni ya kuonea tundu la ufunguo, si zaidi.

Dada yangu anaishi Ujerumani na wanae wana Toniebox, wengi mtakua mmeiona kwenye picha, kile kisanduku laini unachoweka kisanamu juu kinaanza kuimba au kusimulia, imeanza kuuzwa kule 2016. Nimekishika alivyokuja, ni kizuri kuliko hiki changu kwa kila kitu, laini, kikianguka hakiumii, mtoto hata wa miaka miwili anakiweza. Lakini visanamu unanunua kimoja kimoja kwa euro na hadithi zao ni za Kijerumani. Kuna kisanamu kimoja kitupu unachoweza kuweka sauti zako mwenyewe mpaka dakika 90, dada aliniomba rekodi ya mama akaiweka humo. Kwahiyo bibi mmoja anachambua mchicha Chamwino, wajukuu wanamsikiliza Tabata na wanamsikiliza Stuttgart. Mimi kwa mazingira yetu na bei zetu sioni sababu ya kuagiza kile, batani ya namba 7 inafanya kazi ileile.

Kitu kimoja ambacho tulivutana nacho nyumbani ni maneno ya nyimbo. Dansi letu limejaa ndoa zilizovunjika, mashemeji, madeni, mtu kafukuzwa na mwenye nyumba. Mtoto anashika maneno haraka kuliko tunavyodhani, akaanza kuimba mbele ya mama mkwe wangu habari za mume anayehama nyumba. Mke wangu akataka nizitoe zote. Tulikaa tukasikiliza mmoja mmoja tukabakisha zile za kusalimiana, za safari, za kumsifia mzazi, na zilizobaki nikazihamishia kwenye flashi yangu peke yangu. Singeli nayo, huku kwetu kila harusi ya mtaani ni singeli na mtoto anaipenda ile kasi, tumemuwekea namba 9, biti tupu bila maneno, na sheria ni mchana tu maana akiisikia usiku halali mpaka saa tano.

Nyota ngapi? Nampa mtengenezaji tatu kati ya tano. Mfuniko bila skrubu na sauti inayoanza juu ni mambo ya uzembe na kuyarekebisha kusingewagharimu hata shilingi mia tano. Ila kwa kazi niliyoinunulia mimi, kusikiliza pamoja na mtoto bila skrini katikati yetu, sijaona kitu cha chini ya elfu 50 kinachokaribia. Ukienda kununua beba flashi yako yenye nyimbo kumi zilizopangwa, jaribu palepale dukani kama namba zinafuata, bonyeza kila batani kwasababu kwenye mbili za kwanza nilizoshika moja ilikua 5 haibonyezeki, na washa uzime mara tatu usikilize inavyoanza.

Mwezi uliopita nimenunua ya pili, sasa hivi wanauza elfu 32 haishuki. Hiyo ni ya mama. Alisema kama mjukuu anamsikiliza yeye kila siku, na yeye anataka kumsikia mjukuu, simu vocha inaisha na mtandao kule unakatika. Nikamrekodi binti kwa siku nne, hakukubali kutulia sehemu moja kama bibi, nilirekodi akiwa anaoga, akiwa kwenye bodaboda amekaa katikati yetu, akiwa anaimba namba 7 yote kwa Kigogo chake cha Tabata, na salamu katikati hajaiacha. Nimechagua aina yenye sola ndogo mgongoni kwasababu umeme kule haujafika nyumbani kwake, sola yenyewe inachaji polepole mno, siku nzima ya jua inakupa kama saa moja, kwahiyo nimemuachia na betri tatu za BL-5C zilizojaa, akizimaliza anampa kijana wa dukani anamchajia. Mama amelalamikia kitu kimoja tu, kwamba tochi ni hafifu.